Ngome ya Lindisfarne imevuliwa saruji: je, nyumba zetu za mawe nazo?

Mjukuu wa Malindi aliuliza:

Assalaam alaykum, wazee wangu na ndugu zangu.

Ninakaa katika nyumba ya marehemu babu yangu hapo Malindi, Mji Mkongwe, pamoja na mama yangu na watoto wawili wa ami yangu. Ni nyumba ya mawe ya ghorofa mbili, yenye kuta nene, dari za boriti, na sakafu ya juu ambayo bado ni ile ile ya chokaa iliyopigwa kwa magongo zama za wazee. Bahari iko karibu kiasi kwamba kaskazi ikivuma, vioo vya madirisha hufanya utando wa chumvi kabla magharibi haijaingia.

Miaka kumi na miwili iliyopita ukuta wa ukumbi wa chini ulikuwa umechubuka kidogo. Tukamwita fundi, akabandua lipu ya zamani, akatia lipu ya saruji hadi kimo cha mtu, kisha akapaka rangi ya mafuta. Ukumbi ulipendeza na sisi tulimlipa kwa furaha. Masika ya mwaka wa pili rangi ilianza kuvimba kama ngozi iliyoungua, na nyuma yake kukatoka unga mweupe ambao ukiuonja ni chumvi tupu. Tumekuwa tukitia viraka vya saruji tangu wakati huo, na kila kiraka kikikauka, unyevu huhamia juu yake, hata sasa umefika kwenye dari na ncha za boriti mbili zimeanza kumung'unyika ukizigusa kwa kidole.

Katika kutafuta ushauri nimekutana na habari ya ngome moja ndogo ya Uingereza iitwayo Lindisfarne, iliyojengwa juu ya mwamba kisiwani, ambayo ilifungwa kwa muda mrefu ili itengenezwe kwa sababu ya unyevu, na katika matengenezo hayo saruji iliyokuwa baina ya mawe ilitolewa na kurudishwa chokaa. Nilishangaa, kwa sababu nilidhani saruji ni uvumbuzi wao wenyewe na ndiyo wanayoitegemea. Ningependa kuelezwa na wenye kuijua ngome hiyo ilijengwa na nani, ni watu gani walioishi ndani yake, na kwa nini hasa walifikia uamuzi huo. Na ningependa zaidi kujua iwapo jambo lililofaa kwenye kisiwa cha baridi na ukungu linaweza kufaa Malindi. Mama yangu ameshasema kwamba akiona fundi mwingine anaingia na mfuko wa saruji, atahamia Wete kwa dada yake.

Mtu wa Mtambwe alijibu:

Wa alaykum salaam, ndugu Mjukuu, na mfikishie mama salamu. Akihamia Wete atakuwa jirani na kwetu.

Mimi ni Mpemba wa Mtambwe, lakini kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifanya kazi Newcastle, kaskazini ya Uingereza, na kutoka hapa hadi Lindisfarne ni safari ya kiasi cha saa moja na nusu kwa gari. Nimeifika ngome hiyo mara mbili. Kilichonivuta mara ya kwanza hakikuwa ngome bali bahari, kwa sababu kisiwa kile huunganishwa na bara kwa njia ambayo hufunikwa na maji mara mbili kila siku, na mtu asiyesoma ubao wa saa za kupwa na kujaa huishia kupanda kwenye kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, akilitazama gari lake likimezwa na maji. Mtoto wa Mtambwe haelezwi jambo hilo mara mbili. Sisi tumekua tukiitazama Mtambwe Mkuu, ambako huvukwa kwa miguu maji yakipwa, na ambako mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za kale, zaidi ya 2,000 za fedha pamoja na chache za dhahabu.

Historia ya mahali pale ilianza na ibada kabla ya vita. Mwaka 635 mtawa Aidan, aliyetoka kisiwa cha Iona, alipewa Lindisfarne na mfalme Oswald, akaanzisha nyumba ya watawa. Mwaka 793 wavamizi wa Skandinavia waliishambulia kwa mashua, na habari ya shambulio hilo ikatikisa nchi za Ulaya ya wakati ule. Watawa waliohamia baadaye walijenga kanisa kubwa la mawe, ambalo lilidumu mpaka mfalme Henry wa Nane alipozivunja nyumba za watawa nchi nzima. Ya Lindisfarne ilifungwa mwaka 1537. Serikali ilikuwa inawahofia Waskoti, na bandari ya kisiwa ilihitaji mizinga, kwa hiyo kufikia miaka ya 1550 mawe ya watawa yalikuwa yakichukuliwa na kupandishwa juu ya jabali liitwalo Beblowe ili kujengea ngome. Msomaji wa Unguja asiwacheke kwa hilo, maana Ngome Kongwe yetu ya Forodhani nayo ilisimamishwa na Waomani, baada ya kuwatoa Wareno mwaka 1698, mahali palipokuwa na kanisa.

Ajabu ni kwamba ngome ile haikupata vita vya maana. Mwaka 1603 mfalme wa Waskoti alirithi pia kiti cha Uingereza, na adui aliyejengewa ngome akawa raia mwenza. Walibaki askari wachache wenye kuchoka. Mwaka 1715, wakati wa uasi wa wafuasi wa Stuart, ukoo wa kifalme uliokuwa umeondolewa kwenye kiti, nahodha mmoja aitwaye Lancelot Errington pamoja na Mark, mtoto wa ndugu yake, waliiteka ngome nzima wakiwa wawili tu. Husimuliwa kwamba aliingia kwa kisingizio cha kunyolewa, kwa kuwa mpiga mizinga mkuu alikuwa ndiye kinyozi pia. Waliishika kwa usiku mmoja, wakisubiri msaada ambao haukufika, na kesho yake askari walikuja kuwakamata. Mimi hupenda kisa hiki kuliko vyote vya pale, kwa sababu kinaonyesha ukuta mnene una thamani gani mlinzi akiwa na povu la sabuni mkononi.

Karne ya 19 ilipomalizika ngome ilikuwa haina kazi tena. Hapo ndipo alipotokea Edward Hudson, mwenye gazeti la *Country Life* lililokuwa likichapisha picha za majumba ya mashamba. Aliiona mwaka 1901, akaipata kutoka serikalini, na kumkabidhi mbunifu Edwin Lutyens, ambaye baadaye alishiriki kuusanifu mji wa New Delhi. Lutyens hakuibomoa na kuanza upya. Aliunganisha vyumba vya askari kwa ukumbi mrefu, akatia matofali ya sakafu kwa mpangilio wa kuchomekana ambao kwa macho yetu ni ukili mtupu, akaacha madirisha madogo na njia nyembamba, na kila chumba akakipa meko ya kuni au makaa. Kwenye chumba cha kuingilia ipo sahani kubwa ya upepo ukutani, yenye mshale uliounganishwa na chombo cha upepo juu ya paa, ili mwenye nyumba ajue upepo unatoka wapi bila kutoka nje. Mwaka 1911 bustani ndogo ya askari, iliyozungushiwa ukuta upande wa pili wa uwanda, ilipandwa maua na Gertrude Jekyll, bibi aliyekuwa bingwa wa bustani wa zama zake.

Kuhusu wakaazi, ukweli ni kwamba wengi walikuwa wageni wa Hudson waliokuja majira ya joto. Mpigaji seli (fidla kubwa ya kupigwa kwa kukaa) mashuhuri wa Ureno, Guilhermina Suggia, alikuwa akija, na mpaka leo kipo chumba kinachoitwa cha muziki. Mwandishi Lytton Strachey alialikwa mwaka 1918 akaondoka hakuridhika, akilalamikia kiza na mawe yaliyomzunguka kila upande. Hudson aliuza mwaka 1921 kwa Oswald Falk, mtu wa mambo ya fedha wa London. Baada yake akaja Edward de Stein, naye ni wa benki, ambaye mwaka 1944 aliitoa kwa National Trust, jumuiya ya kuhifadhi majengo na ardhi iliyoanzishwa mwaka 1895, akaendelea kukaa humo kama mpangaji.

Matengenezo unayoyauliza yalianza mwishoni mwa mwaka 2016. Samani zote zilitolewa, ngome ikazungushiwa jukwaa la mafundi juu ya lile jabali, na kazi ikagharimu kiasi cha pauni milioni 3. Madirisha yalitengenezwa, na viungo vya mawe vilivyokuwa vimezibwa kwa saruji katika karne ya 20 vilichokolewa na kujazwa chokaa. Ilipofunguliwa tena mwaka 2018 niliingia nikakuta vyumba vitupu, kwa sababu kuta zilikuwa bado zinakauka na haikufaa kurudisha vitanda na makabati. Watalii waliokuwa mbele yangu walinung'unika kwamba wamelipa kiingilio kuonyeshwa kuta. Mimi nilifurahi, maana ni mara chache nyumba ya kifahari kukubali kuonekana ikiwa inatibiwa.

Na jambo moja lililonistaajabisha: chini ya ngome, ukingoni mwa bahari, yapo matanuri makubwa ya kuchomea chokaa ya miaka ya 1860. Mawe ya chokaa yalichimbwa upande wa kaskazini wa kisiwa na kuletwa kwa magari ya reli ndogo yaliyokokotwa na farasi, makaa yakaja kwa jahazi kutoka Scotland, na chokaa ikapelekwa huko. Kwa maneno mengine, ngome ilitiwa saruji ya kiwandani huku matanuri ya chokaa yako mlangoni pake.

Fundi wa Kikwajuni alijibu:

Nimeisoma habari ya ndugu yetu wa Mtambwe kwa raha kubwa, hasa hapo kwenye matanuri, kwa sababu mimi nilianza uashi nikiwa mtoto wa kubeba maji kwenye tanuri la chokaa. Tulikuwa tukipanga magogo ya mnazi mduara juu ya mduara, tukajaza mawe ya matumbawe juu yake, tukawasha kutoka katikati, na moto ukila usiku kucha. Mawe yakishaungua yakimwagiwa maji hupasuka na kufuka kama chungu, kisha unga wake ulikuwa ukifukiwa kwa miezi kabla haujaguswa. Aliyekuwa na haraka hakujenga.

Sasa kwa suala la kijana wetu. Ukuta wa kale haukujengwa ili kuyafukuza maji. Ulijengwa ili yakiingia, yatoke. Chokaa ina vinyweleo. Maji ya mvua na ya ardhini hupita ndani yake na kurudi nje kwa mvuke jua likipiga, na chumvi iliyobebwa na maji hayo huishia kwenye lipu ya juu, ambayo huchubuka baada ya miaka na kutiwa mpya. Lipu ni nguo. Huvaliwa, ikachakaa, ikabadilishwa, na mwili ukabaki salama. Saruji ni ngumu na imeshikamana. Ukiivika juu ya ukuta wa namna hiyo, maji yanayopanda kutoka chini hayaoni mlango, yanaendelea kupanda mpaka yakute mahali ambapo saruji imekoma, na huko ndiko yanakotokea. Ndiyo maana kila kiraka chako kimeusukuma unyevu juu zaidi. Chumvi nayo hujiumba nyuma ya saruji, hukua kama punje za barafu, na kwa kuwa saruji ina nguvu kuliko jiwe la matumbawe, kinachovunjika ni jiwe. Ukiibandua leo utaona imetoka na ngozi ya ukuta.

Hata hivyo naomba tuwe waangalifu tusiichukue ngome ile na kuipachika Malindi kama ilivyo. Jabali la Beblowe na sehemu kubwa ya mawe yake ni jiwe jeusi la moto, gumu, lisilonywa maji. Katika ukuta wa namna hiyo, maji yote hupita kwenye viungo baina ya mawe, kwa hiyo ukiviziba viungo kwa saruji umeziba njia pekee iliyokuwepo, na mvua inayosukumwa na upepo ikipata ufa mmoja tu, inaingia na haitoki. Jiwe letu ni kinyume chake. Matumbawe hunywa kama sifongo, na udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa katikati ya ukuta hunywa zaidi. Kwao adui mkubwa ni mvua ya ubavuni. Kwako adui mkubwa anatoka chini ya miguu yako. Dawa ni moja, lakini maradhi si mamoja, na ndiyo maana kabla ya kuzungumzia lipu ningekuuliza mambo ya nje.

Uchochoro wenu umewahi kutiwa sakafu mpya? Mara nyingi kiwango cha njia hupandishwa kila inapotengenezwa, mpaka kikapita kiwango cha ukumbi wa ndani, na maji ya mvua yakapata ukuta wa kuegemea. Mabomba ya paa yanamwaga wapi? Kipo choo au kisima kilichozibwa upande wa pili wa ukuta huo? Ukiacha mambo haya kama yalivyo, hata ukitia chokaa iliyobarikiwa, utakuwa unamvisha nguo kavu mtu aliyesimama mtoni.

Ukishayamaliza ya nje, saruji ibanduliwe kwa patasi na nyundo, kidogo kidogo, na isitumike mashine ya kutikisa, kwa sababu ukuta wa udongo na matumbawe ukitikiswa humwaga kifusi cha ndani. Kabla ya yote zile boriti mbili ziwekewe nguzo za kuzibeba. Hapo usisubiri mtu, zitiwe nguzo wiki hii. Ukuta ukishakuwa uchi, uachwe upige hewa msimu wote wa kusi, huku ukipigwa brashi kavu kila unga wa chumvi ukijitokeza, na unga huo uzolewe utolewe nje, usiachwe ukarudi chini. Lipu ije baadaye, sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga, na mchanga usiwe wa pwani ambao haukuoshwa, la sivyo umeirudisha chumvi kwa mikono yako. Itiwe kwa matabaka membamba, na kila tabaka lifunikwe kwa gunia bichi, kwa sababu chokaa hukaza kwa kuvuta hewa taratibu, na ikikaushwa ghafla na jua la kaskazi hubaki unga. Rangi ya mafuta isikaribie. Ukuta upakwe chokaa nyembamba, ambayo mama yako anaijua bila kufundishwa.

Na kwa kuwa nyumba imo ndani ya eneo la hifadhi, nenda kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe ukapate kibali.

Bint Mkunazini alijibu:

Fundi wangu, shikamoo. Mimi si mtaalamu wa kuta, nilikuwa mwalimu wa historia wa skuli mpaka nilipostaafu, na ningependa kulirudisha swali la wakaazi, ambalo naona limepitwa kwa haraka.

Katika habari ya Lindisfarne yapo mambo mawili ambayo yanapaswa kutazamwa pamoja. Nyumba iliyokaliwa majira ya joto tu, na watu wanaowasha meko wakija na kuzima wakiondoka, hupoa na kulowa miezi iliyobaki. Mkaazi wa kila siku hufungua madirisha, hupika, hufagia, huliona tone la kwanza la dari kabla halijawa mfereji. Mama yangu mzaa mama, katika nyumba ya Mkunazini, alikuwa akitembea na udi wake chumba baada ya chumba kila Alhamisi, na mimi niliona ni mapenzi ya harufu tu, mpaka nilipozeeka nikafahamu kwamba katika mzunguko ule alikuwa akikagua kila kona ya nyumba mara moja kwa wiki. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilizoanguka zilianza kwa kufungwa kwa kufuli, warithi wakiwa Maskati, Dar es Salaam na London, kila mmoja akimsubiri mwenzake.

Jambo la pili ni ule uamuzi wa Edward de Stein wa mwaka 1944. Ile jumuiya aliyoikabidhi ngome ilipewa na sheria ya mwaka 1907 uwezo wa kuitangaza ardhi yake kuwa haiwezi kutolewa wala kuuzwa tena. Msomaji Mwislamu wa Zanzibar akisikia mali isiyouzwa, isiyorithiwa na isiyotolewa zawadi, haoni jambo geni, maana ndiyo sifa ya wakfu, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu mpaka leo. Sisemi ni kitu kimoja. Wakfu huwekwa kwa nia ya kujikurubisha kwa Mola, na manufaa yake yana wenyewe, wawe ni maskini, msikiti au kizazi cha aliyeweka. Lakini kwa upande wa jengo, swali ni lile lile: mali isiyo na mwenye kuiuza, nani anaitengeneza? Wao wamejibu kwa kiingilio cha wageni na michango ya wanachama. Sisi kodi za nyumba za wakfu zilikuwa ndogo, na fundi hupewa kinachobaki, ambacho aghlabu hakibaki. Ningependa kijana atueleze nyumba ya babu yake ina hali gani ya umiliki, kwa sababu kabla ya kujua chokaa itachanganywaje, inafaa kujulikana itanunuliwa na nani.

Mchuuzi wa Darajani alijibu:

Samahani wazee wangu, mimi nitakuwa mkavu kidogo. Pauni milioni 3 kwa ngome moja ambayo haina anayelala ndani! Kwa Malindi mtu ana mama, watoto wawili wa ami yake na mshahara mmoja. Tunapowasifu Waingereza kwa chokaa yao tukumbuke pia kwamba Hudson alikuwa tajiri aliyekuwa akitafuta pahali pa kupumzika, na hata yeye ngome ilimshinda kabla miaka ishirini haijatimia.

Halafu tusijidanganye kwamba matengenezo ni kheri kila wakati. Beit al-Ajaib, jengo la Sayyid Barghash la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020 likiwa katikati ya matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Sitaki kuzungumzia sababu zake hapa. Ninachotaka ni kijana asianze kubandua ukuta unaobeba ghorofa mbili kwa sababu ya maneno aliyoyasoma, yakiwemo haya yetu.

Fundi wa Kikwajuni alijibu:

Mchuuzi amesema kweli, na namshukuru. Ndiyo maana nilitanguliza nguzo. Niongeze kwamba ukuta usibanduliwe wote kwa mara moja. Upana wa mlango mmoja unatosha, usubiriwe, uangaliwe, kisha ndipo uendelee wa pili. Ama kwa gharama, saruji aliyokwisha kuitia kwa miaka kumi na miwili ingekwisha kulipia chokaa ya ukuta ule mara kadhaa. Ghali si chokaa. Ghali ni siku za fundi, kwa sababu kazi hii haikubali pupa, na vijana wanaoijua ni wachache. Kila mwenye mwiko siku hizi amejifunzia kwenye matofali ya saruji.

Mjukuu wa Malindi alijibu:

Nawashukuru nyote, na mwalimu Bint Mkunazini nampa jibu lake kwanza. Nyumba si ya wakfu, ni mirathi ya babu ambayo haijagawanywa, na warithi ni kumi na mmoja, wanne wao hawajaikanyaga Unguja tangu ningali mdogo. Nimewaandikia wote tangu juzi, nikawapelekea na picha za zile boriti. Watatu wameahidi kuchangia, mmoja amependekeza tuuze, na ami yangu mkubwa ameuliza tu kama ule mlango wa nakshi bado upo.

Nilipotoka nje kuutazama uchochoro kwa jicho la Fundi, nilisimama nikacheka peke yangu. Katika picha ya harusi ya bibi yangu wamesimama kwenye baraza yetu, na baraza ina kimo cha paja la mtu. Leo ukikaa juu yake magoti yanakugusa kidevu. Njia imepanda kiasi hicho, na kwenye kona ya ukuta ule ule wenye maradhi, bomba la paa la jirani linamwaga maji yake taratibu, hata siku isiyo na mvua, kwa sababu tangi lake linafurika. Nimezungumza naye kwa adabu na ameshaita mtu wa mabomba. Nguzo za boriti zimetiwa jana, mbili za mbao na moja ya chuma ya kuazima.

Nina swali moja lililobaki kwa Fundi. Kwa kuwa masika ndiyo kwanza yamemalizika, naweza kuubandua upana wa mlango mmoja sasa, au ningoje kibali cha Mamlaka ambacho nimekiomba leo asubuhi? Na mama anauliza kama katika kipindi ukuta ukiwa uchi anaweza kuendelea kulala katika chumba cha pembeni, maana anasema Wete kumemchosha hata kabla hajaenda.

Fundi wa Kikwajuni alijibu:

Kibali kwanza, kijana wangu. Hata hivyo kusi haijafika nusu, una wakati. Mama alale, lakini kitanda kisogezwe mbali na ukuta huo kwa kiasi cha mtu kupita na ufagio, na dirisha la upande wa bahari liachwe wazi mchana. Kikitoka kibali niarifu, nitakuja Jumamosi baada ya alasiri na patasi yangu, tuanzie kona ya bomba la jirani, kwa kuwa hapo ndipo tutakapojua jiwe limeliwa kwa kina gani. Usinunue chokaa yoyote kabla hatujaliona jiwe.